Likizo ya Karatasi

Tulimwita Mzee wa Boila, na hapa sitamwita jina lingine, kwa sababu jina lake halisi nimeshalitumia vibaya vya kutosha. Nililiandika kwenye fomu za uongo, naye akatia sahihi chini yake kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba. Kama kuna anayetarajia nimsifu mzee wa watu halafu tuagane tukiwa na furaha, na aweke karatasi hii chini mapema. Mimi nina aibu na mtu huyu. Nikikumbuka hata alivyokuwa akicheka, aibu inanishika palepale nilipo.

Kiwanda chetu cha majani chai kilikuwa juu ya Runyenjes, upande ule ambao ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Nilikuwa karani wa wafanyakazi. Faili za watu zilikuwa mikononi mwangu: nani ameajiriwa, nani mgonjwa, nani yuko likizo, nani alipaswa kurudi jana na hajarudi. Kwetu ni Githongo, kwa hiyo pale nilikuwa Mmeru katikati ya Waembu, na Mzee hakuniacha nisahau hata siku moja. Akiniona navuka uwanja na faili kwapani, anapaza sauti watu wote wasikie, "Fungeni milango, Mmeru ameamka na hasira!" Watu husema Wameru tuna hasira, lakini mimi sina, jamani. Nina sauti kubwa tu.

Kwa asiyejua kiwanda cha chai: majani hukaushwa kwa joto la mvuke, mvuke hutoka kwenye boila, na boila hula kuni saa zote. Ikizima, majani ya wakulima yanaharibika pale sakafuni. Watu wa kutia kuni walikuwa sita, wakipokezana. Lakini wenye cheti cha kuiendesha na ujuzi wa kuitengeneza ikigoma walikuwa wawili: Mzee, na msaidizi wake ambaye nusu ya mwaka alikuwa akitibiwa mgongo. Yaani Mzee alikuwa peke yake.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua, na nyusi zilizoungua zamani zikakataa kuota vizuri. Ukimfikia na salamu, aliinua mkono kukunyamazisha, akaangalia kwanza kile kioo kirefu kinachoonyesha maji ndani ya boila, akaridhika, ndipo akakugeukia. "Maji kwanza, maneno baadaye." Alimfanyia hivyo meneja, akawafanyia wageni wenye tai kutoka Nairobi, na siku moja akamfanyia mchungaji aliyekuja kuombea kiwanda. Mchungaji alibaki amenyoosha mkono hewani mpaka maji yakaangaliwa.

Kuni alizipiga kwa kijiti, moja moja, akisikiliza. Zikilia vizuri, zinapita. Zikiwa na unyevu, lori zima linarudi. Kuna wakati aliyeleta lori la kuni mbichi alikuwa mume wa binti yake mwenyewe. Sote tulitoka nje kuangalia atafanya nini. Alipiga kuni nne, akatema mate, akamwambia mkwe wake mbele yetu, "Geuza lori." Kijana wa watu akaondoka ameinamisha kichwa. Jioni ileile Mzee akanunua kilo mbili za nyama kwa wale wachinjaji Waislamu wa mjini, akapanda boda boda mpaka kwa mkwe, akamkabidhi nyama mlangoni na kumwambia, "Kuni zako ni mbaya. Wewe si mbaya." Halafu akakaa, wakala pamoja. Hiyo alinisimulia mkwe mwenyewe, akicheka, miezi mingi baadaye.

Ndivyo alivyokuwa. Mkali wa kazi kupindukia, halafu anapita nyuma ya ukali wake akiokota aliowaangusha. Na kwa ajabu, mtu huyo aliyeishi na moto mchana kutwa hakutaka moto nyumbani kwake. Mkewe alilalamika kwamba Julai, baridi ikiwa ya kuvunja mifupa, mumewe anafungua dirisha na kulala bila blanketi. "Nimeolewa na mtu anayeletwa nyumbani ameiva," alikuwa akisema.

Mkewe tulimjua sote. Aliuza mboga sokoni Runyenjes, kunde, mchicha na terere, na ulimi wake ulijulikana kuliko mboga zake. Alhamisi moja moja alipita kiwandani na kumpelekea uji, akasimama nje ya banda la boila, kiuno ameshika, akimwambia mumewe kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Salimia mke mwenzangu!" Mke mwenza ni boila. Mzee alikuwa anacheka mpaka anaketi. Kisha, mama akishaondoka, anatuambia kwa sauti ya chini, karibu ya kuona haya, kwamba siku moja atachukua likizo zake zote kwa pamoja, akae nyumbani tu. Asilime, asijenge, asisafiri. "Nikae mpaka yeye mwenyewe anifukuze."

Sasa nifike mahali ambapo sitaki kufika.

Sheria ya likizo pale niliijua kwa moyo, maana ndiyo iliyonilisha. Kila mtu ana siku ishirini na moja kwa mwaka. Usipozimaliza, unavuka na siku kumi tu kwenda mwaka unaofuata, na hizo kumi uzitumie kabla ya mwisho wa Machi. Zinazobaki zinakufa. Kumwuzia mwajiri siku zako hairuhusiwi, isipokuwa kama uliomba likizo na ukanyimwa kwa barua. Hapo kwenye barua ndipo Mzee alipopotelea. Kila mwaka alinyimwa, lakini hakuna aliyemnyima kwa barua. Meneja alikuwa anashuka mwenyewe mpaka kwenye banda, anamshika bega, anamwambia, "Mzee wangu, majani ni mengi, vumilia kidogo." Naye anavumilia. Nani ataandika barua ya kumnyima mtu likizo, ili makao makuu waulize kwa nini kiwanda kizima kinategemea mzee mmoja?

Lakini siku zake zikilala kwenye faili, nazo zinaonekana. Mkaguzi akija akakuta mtu hajaenda likizo, meneja anaulizwa, na karani anaulizwa mara mbili. Basi tukawa na dawa yetu. Sikuibuni mimi. Niliikuta viwanda vya huko vinaitumia kama vile ni jambo la kawaida, na watu waliiita likizo ya karatasi. Unaandika fomu kwamba fulani alienda likizo mwezi wa saba, wakati wa baridi, majani yakiwa machache. Fulani anasaini kwamba alienda na akarudi. Mwezi huohuo wa saba fulani yuko palepale, anatia kuni. Siku za kweli mimi nikaziandika kwenye daftari la bluu nililoliweka kwenye droo yangu, na meneja akaweka alama ya kalamu pembeni. Tukamwambia Mzee, "Siku ukizihitaji, njoo tu. Daftari lipo."

Mara ya kwanza aliifanya mzaha. Asubuhi ya kwanza ya likizo yake ya karatasi alikuja kazini amevaa kofia ya Jumapili na kubeba mkoba wa safari, akautundika kwenye msumari kando ya boila. Watu wakamuuliza, "Mzee, likizo inaendaje?" Akajibu, "Nimefika salama. Huku niliko kuna joto kidogo." Tulicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kuliko wote, maana kicheko chake kilinitoa wasiwasi.

Mwaka wa pili alisaini bila neno. Mwaka wa tatu aliishika kalamu akanitazama. "Karani, Mungu akiniuliza nilikuwa wapi mwezi wa saba, nitamwambia nini?"

"Mwambie ulikuwa kazini, Mzee."

"Na wewe akikuuliza?"

Nikacheka. Nikamwonyesha mahali pa kusaini, naye akasaini. Siku sitini na tatu.

Mtu atauliza, kwa nini alikubali? Si mjinga. Alisoma mpaka darasa la nane na kila barua aliyopokea aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Alikubali kwa ajili yangu. Nilimwambia mkaguzi anakuja na nitapoteza kazi, na nina watoto wadogo. Alishanifunika mara moja kabla ya hapo. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau kutuma karatasi za kuhuisha cheti chake cha boila, kikaisha muda, na mkaguzi wa mitambo akafika akikitaka. Mimi nilikuwa nimesimama pale, jasho linanitoka. Mzee akamwambia, "Nimekiacha nyumbani, bwana. Uzee huu." Siku iliyofuata akaamka mapema, akaenda mpaka Embu mjini kwa nauli yake akakishughulikia mwenyewe. Aliporudi aliniambia neno moja tu: "Andika kwenye kalenda." Hakulitaja tena, hata kwa mzaha, na mzaha hakuukosa.

Niseme na hili, kwa sababu baadaye niliulizwa. Likizo zangu mimi nilizichukua. Zote. Mwenye kushika faili hasahau lake. Kila Desemba nilifunga droo, nikapanda gari kwenda Githongo, nikakaa wiki tatu na siku juu yake.

Meneja yule alihamishwa. Akaja mwingine, mwanamke kijana, mpole wa sauti, anayesoma kila karatasi kabla ya kuitia sahihi. Alitukusanya akasema mambo ya zamani yameisha, anachokijua yeye ni kilicho kwenye faili. Miezi miwili haikupita, mkewe Mzee akaanguka sokoni. Alikuwa anafunga fungu la terere, mkono wa kulia ukaachia, na mdomo ukaenda upande. Wenzake walimpakia kwenye gari la kwanza lililosimama, wakamfikisha hospitali. Alinusurika kifo. Mguu ulianza kurudi kidogo kidogo, lakini mkono ulikuwa umelala.

Mzee alikuja ofisini kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliketi kwenye kiti. Daktari wa mazoezi ya viungo alikuwa amemweleza vizuri, naye akanieleza mimi vilevile, akitumia mkono wangu kunionyesha. Vidole vinanyooshwa kimoja kimoja, mkono unainuliwa, kiwiko kinakunjwa na kukunjuliwa, mara nne kwa siku, kila siku. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye maana. Ikipita bila mazoezi, mkono unajikunja na haufunguki tena. Watoto wao walikuwa mbali, kila mmoja na ya kwake, na binti aliyekuwa karibu alikuwa ametoka kujifungua. Aliyebaki wa kuifanya kazi hiyo ni yeye.

"Karani," akaniambia, "toa daftari. Wakati umefika."

Nikamwambia asubiri. Nikaingia kwa meneja. Njiani, zile hatua kumi na mbili kutoka meza yangu mpaka mlango wake, nilikuwa naenda kusema ukweli. Naapa nilikuwa naenda kusema. Nikamweleza ugonjwa wa mama, nikamweleza mazoezi. Alisikiliza vizuri. Akafungua faili, akafuata zile fomu kwa kalamu yake, moja, mbili, tatu, zote kwa mwandiko wangu.

"Inaonekana amezimaliza zote," akasema. Halafu akaniangalia usoni. "Kuna jambo lingine ninalopaswa kujua?"

Aliuliza kwa nia njema. Leo najua angenisikiliza. Labda angenipa barua ya onyo, labda angenisimamisha mwezi, lakini Mzee angepata siku zake, maana yule dada alikuwa mtu wa haki. Mimi nikaona mwandiko wangu, nikaona nyumba yangu Githongo ambayo haijaezekwa, nikaona watoto.

"Hapana, madam. Hakuna."

Akampa siku saba za huruma. Alikuwa na uwezo wa kutoa hizo tu bila kuuliza makao makuu. Nikatoka nikamwambia Mzee kwamba meneja mpya hatambui daftari. Nilimsingizia yule dada, ambaye hata hakujua kuna daftari. Mzee alinitazama. Nilijishughulisha na kalamu.

"Haya," akasema. Akainuka, akarudisha kiti mahali pake.

Baada ya siku saba alirudi kazini. Angeweza kuomba likizo bila mshahara, lakini dawa zingenunuliwa na nini? Asubuhi aliunyoosha ule mkono kabla ya kutoka, jioni akaunyoosha akirudi, na mchana jirani mmoja mzee alijaribu kusaidia, lakini mama alikuwa analia kwa maumivu na jirani akamwonea huruma akaacha. Hayo Mzee aliyasema kwa wenzake, si kwangu. Kwangu aliendelea na salamu zilezile. Mzaha wa Mmeru na hasira ulipungua, halafu sikuusikia tena.

Kuna desturi pale kiwandani kwamba karatasi za zamani za ofisi zinachomwa kwenye boila. Mwezi uliofuata nikashuka na katoni mbili. Ndani ya katoni ya pili, chini kabisa, nilikuwa nimeliweka daftari la bluu. Nilitaka kuzitia mwenyewe, lakini mlango wa tanuri haufunguliwi na mtu asiye wa boila, hiyo ilikuwa amri yake mwenyewe. Kwa hiyo alikuja yeye, na ile fimbo yake ya chuma ya kuchochea moto, akafungua. Nikainua katoni ya kwanza, ikaenda. Ya pili ikapasuka chini. Karatasi zikamwagika pale mbele ya mlango, na daftari likateleza mbele ya zote, likaonekana wazi.

Alilijua. Alikuwa ameliona mara tatu. Aliliangalia, nikaliangalia, na joto lilikuwa linatupiga usoni. Nilingoja alichukue. Kama angelichukua, kama angeniita mwizi mbele ya wale vijana wa kuni, ningekuwa mtu mwingine leo. Alilisukuma ndani kwa fimbo, pamoja na karatasi nyingine, taratibu, akafunga mlango.

"Rudi nyuma, Karani," akasema, "utaungua nyusi."

Nilikaa pale miaka miwili zaidi. Alistaafu nikiwa bado pale. Kwenye karamu ya kumuaga nilisoma hotuba niliyoandikiwa, kwamba ni mfanyakazi ambaye hakuchelewa hata siku moja, na watu wakapiga makofi. Mkewe hakuwepo. Nilishukuru kwamba hakuwepo, na hata hilo la kushukuru lilinitia aibu usiku mzima. Muda si mrefu nikapata kazi Meru mjini, ofisi nyingine, faili zilezile. Huko sijaandika fomu ya uongo hata moja, na watu wananisifu kwa msimamo. Wananisifu! Wakinisifu natafuta sababu ya kutoka nje.

Mwaka jana nilishuka Runyenjes kwa mazishi ya mtu tuliyefanya naye kazi. Nilikuwa napita sokoni nikirudi kutafuta gari, nikasikia, "Karani!" Nikajua sauti kabla ya kugeuka. Alikuwa amebeba kapu, amepungua mwili, nyusi bado hazijaota. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikaanza kusema nina haraka, gari, mvua, sijui nini. Hakunisikiliza. "Mtu wa mbali hapiti mlangoni kwangu bila chai," akasema, na tayari alikuwa ameshika njia.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya mlango, kwenye jua. Alikuwa amenenepa kidogo, macho ni yaleyale. Mkono wa kulia ulikuwa kifuani, umekunjika, ngumi ndogo iliyofungwa. Alinipa wa kushoto.

"Huyu si yule Mmeru wa ofisini?"

"Ndiye," akasema Mzee. "Ngoja nikamue, maziwa yameisha." Akachukua ndoo, akazunguka nyuma ya nyumba.

Tulibaki wawili. Mama alinipima kwa macho, halafu akaanza, bila salamu za kuzunguka. "Karani, wewe ulikuwa unashika mambo ya likizo. Nataka kukuuliza. Nilipougua, huyu mtu alikaa na mimi siku saba. Saba. Nikamuuliza, zile likizo zako ulizokuwa unaniimbia ziko wapi? Akaniambia alisahau kujaza fomu, zikaisha muda. Miaka mitatu, anasahau! Mtu anayegonga kuni moja moja! Mimi nimemtukana kwa jambo hilo mpaka nikachoka. Nilimwambia mke mwenzangu ndiye aliyempenda. Sasa niambie, ni kweli alisahau?"

Nilisikia maziwa yakipiga ndoo kule nyuma. Kumbe hakumwambia. Miaka yote hiyo amelala kitanda kimoja na lawama yangu, na kila alipotukanwa alinyamaza. Na njia ilikuwa wazi tena mbele yangu, nyepesi kabisa: niseme ndiyo mama, wazee husahau, ninywe chai niende zangu. Nilifungua mdomo nikiwa sijui nitasema lipi.

"Hakusahau, mama." Sauti yangu kubwa haikuwepo. "Alinyimwa. Sisi ofisini tuliandika alienda, na yuko kazini. Mimi ndiye niliyeandika. Siku zake za kweli zilikuwa kwenye daftari, na alipokuja kuzitaka nililificha. Nikamwambia meneja hakuna kitu. Halafu nikalichoma."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Zilikuwa ngapi?"

"Sitini na tatu."

Aliutazama mkono wake. Alijaribu kuuinua, ukapanda kidogo ukashuka. "Yeye anajua umelichoma?"

"Alikuwepo."

"Kwa hiyo mimi nimekuwa nikimtukana mtu ambaye hakukosa," akasema, "na wewe uko wapi?"

"Meru, mama. Kazini."

"Kazini." Alilirudia neno langu. "Na wewe likizo zako ulikuwa unaenda?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Nilitaka niwe nilijenga, niwe niliuguza mtu, niwe nilifanya jambo lolote la kueleweka. "Nilikuwa nakaa nyumbani tu," nikasema. "Na mke wangu."

Alitikisa kichwa taratibu, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ule wa kulia. Nikapiga magoti pale kwenye udongo, nikaanza kusema nisamehe. Akanikatiza. "Inuka. Anarudi. Wewe kunywa chai uende. Huyu niachie mimi, nina maneno yangu na yeye, na si ya kusemwa mbele yako."

Mzee akatokea na ndoo. Chai ikapikwa, ikaja. Mama akamwambia mumewe, "Kaa hapa karibu yangu." Mzee alishtuka kidogo, nikaona hakuzoea kuitwa hivyo. Akaketi kwenye benchi, akauchukua ule mkono bila kufikiri, akaanza kunyoosha vidole, kimoja kimoja, kidole kikikataa na yeye akikisubiri.

"Mlikuwa mnazungumza nini?" akauliza.

"Alikuwa ananisimulia likizo zake," mama akasema. "Kwamba alikuwa anakaa nyumbani na mke wake."

Mzee alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akatabasamu, kwa moyo wake wote, bila sumu hata kidogo.

"Vizuri sana, Karani," akasema. "Hiyo ndiyo likizo."

Halafu akarudi kwenye kidole.